Frederick Lanchester, Mtu Aliyeituliza Injini

Katika ukurasa huu tumezoea kuwasimulia wapiganaji wetu, wa jeshi na wa polisi, maisha ya majemadari na mashujaa wa vita. Safari hii tumeona vema kumleta mtu ambaye hakuwa jemadari wala mshika bunduki, bali mhandisi wa injini. Hata hivyo kila dereva wa jeshi, kila fundi wa karakana, na kila ofisa aliyefundishwa mbinu za vita chuoni ana deni kwake, ijapokuwa wengi hawajapata kulisikia jina lake. Mtu huyo ni Frederick William Lanchester, Mwingereza, aliyezaliwa London tarehe 23 Oktoba 1868 na kufariki Birmingham tarehe 8 Machi 1946.

Kabla hatujaingia katika maisha yake, yafaa tuanze na jambo ambalo askari hulijua kwa miguu yake. Tarehe 12 Aprili 1831, karibu na mji wa Manchester, askari wapatao 74 walikuwa wakirudi kambini na kulivuka daraja la kuning'inia la Broughton. Walikuwa wakitembea wanne wanne. Punde wakahisi kuwa daraja linapanda na kushuka chini yao, nao, kwa kuwa walikuwa vijana na jambo lenyewe liliwafurahisha, wakazidi kukanyaga kwa hatua moja ili lichezeke zaidi. Daraja likakatika upande mmoja. Askari wapatao arobaini wakatumbukia mtoni pamoja na vyuma, na bahati yao ilikuwa kwamba maji yalikuwa haba, hivyo hakuna aliyekufa ingawa wapatao ishirini waliumia. Huko Angers, Ufaransa, mwaka 1850, bahati haikuwapo: daraja lilikatika chini ya kikosi siku ya upepo mkali, wakafa zaidi ya watu 200. Ndiyo sababu hadi leo kikosi kikifika darajani hutolewa amri ya kuvunja hatua.

Askari wale hawakuwa wazito kupita kiasi. Daraja lingeweza kuwabeba wote wakiwa wamesimama. Kilicholiangusha si uzito bali ni msukumo mdogo uliorudiwa rudiwa kwa mpigo uleule ambao daraja lenyewe hupenda kuyumba nao. Ndugu msomaji akilishika jambo hili moja, atakuwa ameelewa nusu ya kazi ya Lanchester, kwani ndani ya kila injini mna daraja la namna hiyo, na mna askari wa chuma wanaolikanyaga maelfu ya mara kwa dakika.

Baba yake alikuwa msanifu wa majengo, na mama yake, Octavia, alikuwa mwalimu wa Kilatini na hisabati. Alikuwa mtoto wa nne kati ya wanane. Jamaa ilihamia Brighton angali mchanga, na huko ndiko alikolelewa. Shuleni hakung'aa. Alisoma katika taasisi ya Hartley huko Southampton, kisha akapata nafasi ya bure katika chuo cha sayansi cha Kensington, London, na jioni akawa anahudhuria masomo ya ufundi kwingineko kwa sababu chuo chake hakikumfundisha uhandisi wa kutosha kwa kiu yake. Mwishowe aliondoka bila cheti. Tunalitaja hili kwa kuwa lilimfuata maisha yake yote. Kila alipotoa jambo jipya, mabwana wenye vyeti waliuliza kwanza yeye ni nani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora michoro ya wavumbuzi wengine waliotaka hati za uvumbuzi wao. Kutoka hapo akaingia, mwishoni mwa miaka ya 1880, katika kiwanda cha injini za gesi cha Forward, mtaa wa Saltley, Birmingham. Hapa lipo jambo la kuchekesha kidogo. Mkataba aliopewa ulikuwa na kifungu kilichosema kwamba chochote atakachobuni akiwa kazini kitakuwa mali ya kiwanda. Kijana yule akachukua kalamu, akakikata kifungu hicho, ndipo akatia sahihi. Muda si mrefu akabuni chombo cha kudhibiti mwendo wa injini, kisha chombo cha kuziwasha injini za gesi, kazi ambayo kabla ya hapo ilihitaji wanaume kulizungusha gurudumu zito kwa mikono, nao wengine wakivunjika vidole. Fedha alizopata kwa uvumbuzi huo ndizo zilizomwezesha kumwachia ndugu yake mdogo, George, umeneja wa kiwanda mwaka 1893, na kufungua karakana yake mwenyewe pembeni.

Katika karakana ile alijenga injini ndogo ya petroli yenye silinda moja, ikawa inazungusha mtambo wa umeme na kuwasha taa za ofisi. Mwaka 1894 akaitia injini yake katika mashua iliyojengwa katika uwanja wa nyuma wa nyumba yake, akaishusha mto Thames huko Oxford. Inahesabiwa kuwa mashua ya kwanza ya petroli iliyojengwa Uingereza. Kisha akaanza kulifikiria gari.

PISTONI MOJA, MIKONO MIWILI

Magari ya siku zile yalikuwa, kwa kweli, mikokoteni ya farasi iliyotiwa injini. Yalitetemeka hata abiria akashindwa kusoma saa yake. Watu walidhani mtetemo ni tabia ya injini ya petroli kama vile moshi ni tabia ya moto. Lanchester alikataa. Yeye alisema moyoni kwamba mtetemo ni nguvu isiyokuwa na mpinzani, na kwamba kila nguvu yaweza kutafutiwa mpinzani wake.

Tufafanue. Injini tunazozitumia katika malori na Land Rover zetu ni za mipigo minne: kuvuta hewa, kuibana, kuwaka, na kutoa moshi. Katika mipigo hiyo minne, mmoja tu ndio hutoa nguvu, mingine mitatu ni ya kuhudumia. Basi injini ya silinda moja hupigwa teke mara moja kwa kila mizunguko miwili, kisha huenda kwa kasi ya lile teke hadi lingine lije. Hilo ni chanzo cha kwanza cha kutikisika. Cha pili ni pistoni yenyewe. Hupanda, husimama kabisa juu, hushuka, husimama kabisa chini, halafu hurudia. Kitu kizito kikisimamishwa ghafla na kurushwa tena hupiga teke kinyume, kama bunduki inavyopiga bega. Na teke hilo hukua haraka kuliko mwendo: mwendo wa injini ukiongezeka maradufu, teke huwa mara nne.

Mafundi wengine walikuwa wakiweka uzito upande wa pili wa kranki ili kulipinga teke la pistoni. Lakini uzito huo huzunguka, ilhali pistoni hupanda na kushuka tu. Basi uzito unapoipinga pistoni juu na chini, huanzisha teke jipya la kulia na kushoto. Ukitia uzito kamili, injini huacha kuruka na kuanza kuyumba ubavuni. Ukitia nusu, huruka nusu na kuyumba nusu. Hadi leo wale wanaorusha ndege ndogo za mfano, au ndege ndogo zisizo na rubani zenye injini ya mipigo minne ya silinda moja, wanalijua tatizo hili vizuri. Injini ndogo kama ngumi huweza kulegeza skrubu zote za ndege, kuyatoa mafuta povu ndani ya tangi hata injini ikakosa kulishwa, na kuiharibu picha ya kamera. Hakuna uzito utakaolimaliza. Wanaotaka utulivu huchagua injini ya silinda mbili zinazotazamana, au huweka mipira chini ya injini.

Sasa tumtazame Lanchester mwaka 1895. Katika gari lake la kwanza alitia injini ya silinda moja, pistoni moja, lakini pistoni hiyo aliipa konrodi mbili. Konrodi moja ilishika kranki ya kulia na nyingine kranki ya kushoto, na kranki hizo mbili, kila moja na gurudumu lake zito, zikawa zinazunguka kinyume, moja kama saa, ya pili kinyume cha saa. Kila kranki ilikuwa na uzito wake wa kuipinga pistoni. Pistoni inapopanda, uzito zote mbili zinashuka pamoja na kuipinga. Lakini zinapokwenda ubavuni, moja inakwenda kulia na nyingine kushoto, na teke zao zinauana. Kadhalika injini inapopata moto, gurudumu moja hutaka kulisokota gari upande huu na la pili upande ule, gari likabaki limetulia. Kwa uvumbuzi mmoja alikuwa ameyafuta matatizo matatu. Twasema kwa uhakika kwamba wako wahandisi wengi wenye shahada ambao hawajafanya kazi safi kama hiyo maisha yao yote.

Gari lile lilitoka barabarani mapema mwaka 1896, wakati ambao sheria ya Uingereza ilikuwa bado inayalazimisha magari ya namna ile kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Sheria hiyo ilibadilishwa Novemba mwaka uleule. Injini ilionekana haina nguvu ya kutosha, basi akaibuni nyingine ya silinda mbili zilizotazamana zikiwa zimelala, kranki mbili, moja juu ya nyingine, zikizunguka kinyume, na konrodi sita. Juu ya msingi huo kampuni ya Lanchester ilianzishwa Desemba 1899 huko Sparkbrook, Birmingham.

Kiwanda hicho kilikuwa na desturi ambayo sisi wa jeshi tungeifahamu mara moja. Wakati ule gari lilikuwa likijengwa kwa kupiga tupa: kipande hiki husuguliwa hadi kikubali kile, na kipande cha gari moja hakiingii katika gari jingine. Lanchester alidai kila kipande kipimwe kwa vipimo maalum, na kisichotimiza kitupwe, ili kipande chochote kiingie katika gari lolote. Ofisa wa ugavi aliyewahi kukaa porini na malori matatu mabovu, akijaribu kuyaunga yapate kuwa mawili mazima, hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo. Mwaka 1902 pia alipata hati ya uvumbuzi wa breki za sahani, ambazo ulimwengu ulikuja kuzitumia kwa wingi miaka hamsini baadaye. Mwandishi Rudyard Kipling alikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo.

Lakini mambo ya fedha hayakumkubali. Kampuni ilikuwa na wateja kuliko mtaji. Mwaka 1904 ikafilisika ikiwa na oda nyingi mkononi, ikaundwa upya, na mwenye ubongo wa kiwanda akabaki kuwa mwajiriwa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Wakurugenzi walikuwa wakitaka magari ya mtindo unaopendwa, yenye injini mbele na silinda nne zilizosimama. Naye, pasipo kupenda sana, akayatengeneza.

VITU VIWILI VILIVYOBAKI

Kuanzia mwaka 1909 alikuwa pia mshauri wa kampuni ya Daimler ya Coventry, na miaka hiyo ndiyo iliyozaa vitu viwili ambavyo bado vimo katika injini za leo.

La kwanza lilihusu injini za silinda sita. Injini hizo zilipotokea zilisifiwa kwa ulaini, kwa kuwa pistoni zake sita hupingana zenyewe kwa zenyewe. Lakini zilikuwa na ugonjwa wa siri. Kranki yake ilikuwa ndefu, na fimbo ndefu ya chuma ikipigwa teke mwisho mmoja husokotwa, kisha hujisokotoa, kama kitambaa kinachokamuliwa. Msokoto huo ni mdogo sana, jicho halioni. Lakini kwa mwendo fulani mateke ya silinda huingia katika hatua moja na msokoto wa kranki, sawasawa na askari wa Broughton na daraja lao, na hapo injini hunguruma ovyo na kranki hukatika kama kijiti. Wakati ule jambo hili liliwatesa wakubwa wote, Henry Royce akiwa miongoni mwao. Wengi walijibu kwa kuinenepesha kranki. Lanchester alijibu kwa kuweka, kwenye ncha ya mbele ya kranki, gurudumu dogo ambalo halikufungwa moja kwa moja, bali lilishikana na kranki kupitia sahani nyembamba zilizozama ndani ya mafuta. Kranki ikizunguka kwa utulivu, gurudumu hufuata. Kranki ikianza kujisokota na kujisokotoa, gurudumu, kwa uzito wake, hukataa kufuata, na ile nguvu ya msokoto huishia kuyapasha mafuta joto. Askari darajani wamevunjiwa hatua.

Kitu hicho, kwa sura nyingine, kimo katika malori yetu. Ile puli ya mbele ya kranki, yenye mpira katikati ya chuma cha ndani na cha nje, si puli tu. Mpira ule ndio unaofanya kazi ya mafuta ya Lanchester. Tunayo sababu ya kulisisitiza hili. Miaka michache iliyopita tulifuatana na msafara uliokuwa ukipeleka chakula kwenye kituo cha mpakani. Lori moja lilikuwa limepasuka mpira wa puli hiyo, na katika karakana moja, ambayo hatutaitaja, fundi mwerevu alikuwa amechonga puli ya chuma kitupu na kuifunga mahali pake. Mkanda ulizunguka, feni ilizunguka, kila mtu akaridhika. Dereva, koplo mtu mzima, aliripoti mara mbili kwamba injini ina mngurumo mgeni inapofika mwendo fulani. Alijibiwa kwamba injini inapata moto na lori linakwenda, anataka nini zaidi. Kranki ilikatika katikati ya mlima saa kumi na moja jioni, msafara ukasimama, nasi tukalala pale usiku kucha tukilinda magunia ya unga katika eneo ambalo halikuwa salama. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile, sisi ambao kazi yetu ni kalamu tu, tulianza kuuliza maswali juu ya puli, na hivyo ndivyo tulivyolikuta jina la Lanchester.

Kitu cha pili kilihusu injini za silinda nne, ambazo ndizo nyingi duniani. Katika injini hiyo pistoni mbili hupanda mbili zikishuka, na mtu hudhani basi mizani imekamilika. Haikukamilika. Kwa sababu konrodi hulala upande inapozunguka, pistoni huenda mbali zaidi katika nusu ya juu ya mzunguko kuliko katika nusu ya chini. Hivyo zile mbili zinazotoka juu ni nyepesi wa mwendo kuliko zile mbili zinazotoka chini, na hesabu haitoki sifuri. Lipo baki, nalo hupiga mara mbili kwa kila mzunguko, juu na chini. Ndio ule mtetemo mwembamba unaoingia katika usukani na kiti, na unaomchosha dereva wa safari ndefu bila ya yeye kujua kinachomchosha. Lanchester aliweka shafti mbili chini ya injini, kila moja na uzito upande mmoja, zikizunguka kinyume, tena kwa kasi maradufu ya kranki. Ni wazo lilelile la gari la mwaka 1895, lililokuzwa: zinapokwenda ubavuni zinauana, zinapokwenda juu na chini zinalipinga baki la pistoni.

Shafti hizo zilikuwa ghali, na watengenezaji wengi waliona heri abiria atetemeke. Zikasahauliwa kwa kiasi kikubwa hadi katikati ya miaka ya 1970, ambapo kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilizifufua, shafti moja ikiwekwa juu kuliko nyingine, na baadaye Porsche ya Ujerumani ikalipa ili iruhusiwe kutumia mpango huo katika gari lake la 944. Wenzetu wa polisi wanaoendesha Pajero za zamani za dizeli wanazo shafti hizo chini ya miguu yao. Tena mafundi wao wanajua kwamba zina mkanda wao mdogo wa pekee, ambao ukikatika waweza kuuvuta mkanda mkubwa na kuiua injini yote. Wako wanaoziondoa kabisa ili kukwepa hatari hiyo. Hatuwalaumu, lakini watajua usukanini walichokiondoa.

HESABU YA VITA

Tumesema kwamba hata maofisa waliosoma mbinu za vita wana deni kwake. Huku akijenga magari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 Lanchester alikuwa akichunguza namna ndege wanavyoruka. Alitengeneza ndege za mfano zisizo na injini, akawa anazirusha nyumbani kwake na kuziandika nyendo zake. Mwaka 1894 alieleza mbele ya chama cha wapenda elimu cha Birmingham jinsi hewa inavyozunguka bawa na kulibeba, na jinsi kimbunga kidogo kinavyotoka katika ncha ya kila bawa. Miaka mitatu baadaye aliandika wazo hilo na kulipeleka London kwa wanafizikia. Walilikataa. Ndege ya ndugu Wright ilikuwa haijaruka, na itaruka miaka sita baadaye. Alipoyachapisha mwenyewe katika vitabu viwili, mwaka 1907 na 1908, wachache waliyaelewa, kwa kuwa aliandika kwa maneno yake mwenyewe aliyoyaunda. Neno lake moja, fugoidi, la kuutaja mwendo wa ndege inayopanda na kushuka kama mawimbi, alilitoa katika Kigiriki kimakosa: alitaka neno la kuruka, akachukua la kukimbia adui. Neno hilo hata hivyo bado linatumiwa na marubani na wahandisi. Ni Mjerumani Ludwig Prandtl wa Göttingen aliyeiweka nadharia hiyo katika hesabu iliyokubalika, na leo wote wawili hutajwa pamoja.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, yeye akiwa mjumbe wa kamati ya serikali iliyoshauri juu ya urukaji, aliandika mfululizo wa makala ambazo mwaka 1916 zilitoka kuwa kitabu juu ya ndege katika vita. Alisema ndege zitakuwa mkono wa nne wa jeshi, baada ya miguu, farasi na mizinga. Lakini lililobaki zaidi ni hesabu yake. Zamani, alisema, mtu alipigana na mtu kwa upanga, na mmoja alimshughulisha mmoja. Kwa bunduki mambo ni mengine: wengi waweza kumlenga mmoja. Hivyo nguvu ya kikosi haiendi kwa idadi, bali kwa idadi iliyozidishwa kwa yenyewe.

Tuchukue mfano wetu. Watu 1000 wanakutana na watu 1000 wa silaha na ustadi uleule, lakini kamanda wa upande wa pili amewagawa watu wake makundi mawili ya 500, mbali mbali. Kwa hesabu ya Lanchester, wale 1000 wakilimaliza kundi la kwanza watabaki wapatao 866. Wakilifuata la pili na kulimaliza pia, watabaki wapatao 707. Mtu angedhani majeshi yaliyo sawa yangemalizana; kumbe aliyekusanyika amebakiwa na zaidi ya theluthi mbili ya watu wake, na aliyegawanyika hana hata mmoja. Lanchester alilipima jambo hili kwa mpango wa Nelson wa mwaka 1805, aliyetazamia kuwa na meli 40 dhidi ya 46. Nelson alikusudia kuikata safu ya adui, meli 32 zikipambana na 23 za nyuma, na nane tu zikizishughulisha 23 za mbele. Mara 32 kwa 32, ukijumlisha nane kwa nane, ni 1088. Mara 23 kwa 23, mara mbili, ni 1058. Mwenye meli chache amekuwa na nguvu zaidi, kwa kupanga tu.

Hesabu hii haifai kila mahali. Inahitaji watu wanaoonana na kulengana. Msituni, katika shambulio la kuvizia, ambapo risasi hurushwa penye majani yanayotikisika, mambo hurudi karibu na ile hesabu ya zamani, na askari yeyote aliyefanya doria porini hatashangaa. Lakini ni katika kazi hii, pamoja na ya wenzake wachache, ambapo ile elimu ya kuyapima mambo ya vita kwa hesabu, iliyoshamiri katika vita vya 1939 hadi 1945, hupata mizizi yake. Na katika vita vile vya kwanza, jina lake lilikwenda pia katika medani kwa njia nyingine. Magari ya deraya yaliyojengwa juu ya chasisi za Lanchester yalitumiwa na kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, na mengine yakapigana hadi Urusi na Romania.

Alioa akiwa na miaka hamsini, mwaka 1919, mke wake akiitwa Dorothea Cooper, binti wa kasisi. Hawakujaliwa watoto. Heshima zilianza kuja: mwaka 1922 aliingizwa katika Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, na medali zikafuata kutoka kwao na kutoka Marekani. Aliimba vizuri, na aliandika mashairi kwa jina la bandia. Lakini medali hazilipi pango. Mkataba wake na Daimler ulikwisha, maabara aliyoifungua kwa ajili ya vipaza sauti ikafungwa mwaka 1934, na kampuni yenye jina lake ilikuwa imekwisha kuuzwa mwaka 1931. Ugonjwa wa kutetemeka, ule wa Parkinson, ukamshika, na macho yakafifia. Mtu aliyeutumia ujana wake kuuondoa mtetemo katika vyuma akawa hawezi kuutuliza mkono wake mwenyewe. Alibaki katika nyumba yake ya Moseley, Birmingham, kwa msaada wa wenzake wa viwanda vya magari, naye jambo hilo lilimuuma sana, maana alijua ni injini ngapi duniani zilizokuwa zikienda kwa mawazo yake. Aliendelea kuandika hadi karibu na mwisho. Mwaka 1945 wahandisi wa mitambo walimpa medali ya James Watt, na Machi iliyofuata akafariki nyumbani.

Chuo cha ufundi cha Coventry kilipewa jina lake, ingawa jina hilo liliondolewa baadaye, likabaki katika maktaba ya chuo kikuu kilichokirithi. George, ndugu yake mdogo, yule aliyempokea umeneja mwaka 1893 na kusaidiana naye gari la kwanza, aliishi hadi mwaka 1970. Wakati wa vita vya pili ni yeye aliyebuni, mwaka 1941, bunduki fupi ya rashasha iliyotengenezwa na kampuni ya Sterling huko Dagenham kwa ajili ya jeshi la majini, nayo ikaitwa Lanchester. Iliyoifuata kutoka kampuni hiyohiyo ni Sterling, ambayo ilibebwa miaka mingi na majeshi na polisi wa nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, na wako wastaafu wetu wanaoweza kuifungua na kuifunga hadi sasa wakiwa wamefumba macho.